Vidole Shingoni

Mdomo wangu haujui kutulia. Hata sasa, nikisubiri maziwa yachemke, midomo inafunguka na kufungika yenyewe, pa, ba, pa, ba, mpaka watoto wa kaka yangu wanaanza kuniiga na ninawafukuza jikoni. Nikitembea ninatamka. Nikioga ninatamka. Kanisani, watu wakiwa wamefumba macho, mimi huwa ninapima ulimi umegusa wapi.

Yalianza baada ya mwanamke mmoja wa Nairobi kunikataa kwa adabu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo, watu walionunua viatu na mablanketi kwenye mtandao na mzigo haujafika. Ningeifanya nikiwa hapa hapa kwetu karibu na Litein, mradi kompyuta iwe na chaji na mtandao usipotee. Nilikuwa nimemaliza diploma na kukaa nyumbani muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kuniuliza nimepata nini. Mahojiano yakafanyika kwa simu. Nilijibu kila swali. Mwishoni, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, yule mwanamke akaniambia kwamba sarufi yangu ni nzuri, nzuri kuliko ya wengi, ila wateja wangepata shida na lafudhi yangu. Akanipa nafasi ya kujaribu tena mwezi uliofuata. Nishughulikie P na B, akasema, na nikipata muda, T na D. Mtu mwenye busara angeshukuru. Mimi nilikata simu nikapiga ndoo teke.

Sisi Wakipsigis tuna kesi ya zamani na herufi hizo. Lugha yetu haina haja ya kuzitenganisha. B na P, D na T, G na K, kwetu ni ndugu wa nyumba moja wanaovaa nguo za kila mmoja, na hakuna anayelalamika. Shida huanza ukitoka nje. Shule ya msingi kulikuwa na mwalimu aliyependa kunisimamisha nisome kifungu cha Kiingereza Ijumaa mchana, darasa likiwa limechoka, ili lichangamke. Lilichangamka kweli. Nami nilicheka pamoja nao, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilicheka.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira, tena hasira ya kutosha watu wawili. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja huku kutoka upande wa ziwani akiwa msichana, alichuma chai kwenye mashamba makubwa mpaka mashine za kuchumia zikaingia na wachumaji wakatoka. Sasa anauza omena sokoni Litein. Kiswahili chake kina ziwa lote ndani. Mjukuu wake akikohoa anamwita kwa Kijaluo, mteja akifika anamjibu kwa Kipsigis cha kuokoteza, na sijawahi kuona mtu akirudisha omena kwa sababu ya lafudhi. Nilimwangalia nikajiuliza ni nani aliyeamua kwamba mtu aliyepoteza blanketi lake huko ng'ambo hawezi kusaidiwa na koo la Litein. Nilijiuliza hivyo, halafu nikarudi kwenye video zangu za mazoezi, kwa sababu kazi niliitaka.

Video zilinifundisha mambo mawili. La kwanza, ukitamka B koo hutetemeka, ukitamka P halitetemeki. Unaweka vidole viwili shingoni na kusikiliza kwa ngozi, kwa kuwa masikio ya mtu hudanganya. La pili, P ya Kiingereza hutoka na pumzi. Walisema ushike kipande cha karatasi mbele ya midomo, kiruke kwenye P na kikae kimya kwenye B. Karatasi ililowa mate ikanishinda. Nikachuma majani mawili na kichipukizi, vile tunavyochuma siku zote, nikayashika kwa kikonyo mbele ya mdomo. Yalifaa kabisa. Kichipukizi cha chai ni chepesi, hakina huruma, ukikosea kinakaa tu kinakutazama.

Nyumbani hapakuwa na mahali. Kaka yangu ananunua ng'ombe upande wa Mulot na huja nyumbani akipenda. Watoto wake tunakaa nao sisi, na kuta zetu ni za mbao. Nikasema nitakwenda shambani alfajiri, kabla ya watu. Chai yetu inapanda kilima, na juu kabisa, karibu na mikaratusi, ndipo mtandao unapokubali. Nikawa ninaamka giza likianza kufifia, ninavaa kofia ya sufu na aproni ya plastiki kwa ajili ya umande, waya za masikioni ndani ya kofia, simu mfukoni. Ninapita kati ya mistari nikitembea haraka, kwa maana nikisimama ninaganda. Vidole shingoni, kichipukizi mdomoni. Nilirudia sentensi za kazi kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine: nashukuru kwa kupiga simu, pole sana kwa usumbufu, tafadhali subiri kidogo nikuangalilie. Nikikosea ninapiga mguu chini na kuanza upya. Nikipatia ninaogopa kwamba ni bahati, ninaanza upya pia.

Mwezi ulikuwa mfupi na nilikuwa na jambo lingine lililonikosesha raha, nalo lilikuwa shingo ya mama.

Mama alikuwa na goita. Ilianza kama kifundo kidogo alichokificha kwa kola, ikakua mpaka akawa anafunga leso shingoni hata jua likiwaka. Daktari wa hospitali moja kule Kericho alisema itolewe, kwa sababu ilikuwa imeanza kubana njia ya hewa. Usiku tulikuwa tunamsikia akikoroma na kukatika, nami nililala nusu macho nikingoja arudishe pumzi. Lakini yule daktari, kwa kuwa ni mtu mkweli, alimweleza pia kwamba mshipa wa sauti unapita pale pale, na kuna wachache ambao sauti hubadilika baadaye au hupungua. Mama alisikia neno hilo moja tu katika yote aliyoambiwa.

Lazima nieleze kuhusu sauti ya mama. Kanisani kwetu hakuna kinanda. Wimbo huanzishwa na mtu, na mtu huyo ni mama. Anaanza chini, polepole, kama anayeongea, halafu wengine wanaingia. Asipokuwepo watu hushika vitabu na kutazamana, kisha mtu mwenye haraka anaanza juu sana na ubeti wa pili unawashinda wote. Alizika watu kwa sauti ile, akawaozesha wengine. Baba alipotutoka ni yeye mwenyewe aliyeanzisha nyimbo pale kaburini, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu.

"Waache shingo yangu," alikuwa akiniambia. "Nikikosa sauti nitabaki na nini?"

"Utabaki na pumzi, eiyo," nilimjibu mama siku moja nikiwa nimechoka, na hakuongea nami mpaka siku iliyofuata.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Mimi ninahangaika na sauti yangu huko juu, yeye anahangaika na yake huku chini, na tukikutana jikoni tunazungumza habari za ng'ombe.

Asubuhi moja, nikiwa katikati ya pole sana kwa usumbufu, nikasikia nyuma yangu, mistari kadhaa chini, mtu akisema, "Amina."

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama na kikapu mgongoni, kichwa ameinamisha. Nilifikiri anaomba yake. Huku kwetu ni kawaida. Mtu aliye na mzigo moyoni huenda kwenye chai alfajiri na kumlilia Mungu kwa sauti, kwa sababu nyumbani kuna watoto na kanisani kuna majirani. Ukimkuta mtu hivyo humsalimii. Unavua kofia, unasimama au unapita upande mwingine, na ukikutana naye sokoni baadaye unajifanya hukusikia lolote kuhusu mume wake. Basi nikampisha mama na maombi yake, nikahamia mistari ya upande wa pili.

Akanifuata. Si karibu, ila akanifuata. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Jirani yetu wa omena akaanza kupitia njia ya juu akielekea sokoni, na beseni lake kichwani, naye akisimama. "Amina, nyathina, mtoto wangu," alisema, kwa taratibu, na kuendelea na safari. Wanaume waliokuwa wakikata njia kupitia shamba letu kwenda kupeleka maziwa wakaanza kuzunguka kwa heshima. Mimi sikuelewa. Kusema kweli niliona wananisumbua. Nilikuwa na T za kurekebisha.

Nilielewa siku ambayo mama alikuwa akichuja chai ya jioni. Bila kuniangalia, akasema, "Mwambie daktari nitakuja."

Nikauliza daktari gani, kama mjinga.

"Wa shingo. Nimekubali." Akaweka kichujio chini. "Mtoto haamki kila asubuhi na baridi hiyo, anashika shingo yake, anamwomba Mungu juu ya shingo ya mama yake, halafu mimi nikae tu hapa niseme naogopa. Hiyo haiwezekani. Hata sisikii hiyo Kiingereza yako. Lakini naona vile unalia na hiyo maneno. Unapiga mpaka mguu chini."

Nilishika kikombe. Kilikuwa kinachoma na sikukiachilia. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, mdomo huu usiotulia, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze haukutoa chochote. Kwa sababu nilimwona. Alikuwa amevua leso. Alikuwa amekaa jikoni kwake shingo wazi, kama mtu aliyekwisha kuamua. Ningemwambia kwamba nilikuwa ninamwomba radhi mteja ambaye hayupo kuhusu viatu ambavyo havipo, angeifunga leso ile tena, na mimi ningerudi kulala nusu macho.

"Nitapiga simu kesho," nikasema.

Baada ya hapo sikuwa na amani hata kidogo. Niliendelea kwenda shambani, ningeachaje? Nikienda ninaona aibu, nikikaa nyumbani mama anauliza mbona leo sijaomba. Nilijaribu kumwombea kweli, nikiwa natembea, na maombi yakaingiliwa na P. Nikawa ninasema Mungu mponye mama na papo hapo ninasikiliza kama koo limetetemeka mahali pake. Nilijichukia. Nikajaribu kunong'ona, na kutoka mistari ya chini mama akaita, "Ongeza sauti, hatusikii!"

Siku ya mahojiano ya pili nilimwambia mama asije shambani, nina simu muhimu. Akaitikia. Nilisimama chini ya mikaratusi, mkono mmoja umeshika simu, mwingine shingoni kwa mazoea. Yule mwanamke wa Nairobi aliniambia atajifanya mteja mwenye hasira. Akajifanya vizuri mno. Nikavuta pumzi, nikamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, tulivu, kila herufi imekaa kwenye kiti chake. Nilimwomba radhi. Nikamwahidi kwamba sitamwacha mpaka tatizo lake liishe.

"AMINA!" ikatoka kwenye majani, sauti ile ile inayoanzisha nyimbo, kamili, bila kukwaruza.

 Halafu yule mwanamke akauliza, kwa Kiswahili, "Huyo ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Anakuombea?"

 Nikasema ndiyo. Nikasikia anacheka, si kicheko cha Ijumaa mchana, kicheko kingine, na akasema watanipigia.

Mama alitokea akiwa na uso wa mtu aliyevunja kikombe cha mgeni. "Nilikuwa nimekaa chini kabisa," akasema. "Ilitoka tu."

Tulikwenda Kericho siku moja kabla ya upasuaji, kama tulivyoagizwa. Mchana ule walimpa kitanda karibu na dirisha, na akakaa juu yake akiwa bado amevaa viatu, mkoba mapajani, kama abiria. Nje mvua ya saa nane ilikuwa imeanza. Mimi nilikuwa ninatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nikae.

"Kuja hapa," mama akasema. "Shika mkono. Niombee hiyo ya shambani."

Nilikaa. Nilishika mkono. Nilijua kabisa kwamba ningeweza kusema zile sentensi zote, pole sana kwa usumbufu na nyinginezo, na angesema Amina, na angelala vizuri. Zilikuwa tayari mdomoni. Lakini kesho watu wangepasua shingo yake kwa sababu ya jambo lisilokuwepo, na kama asingeamka, au akaamka bila sauti, ningebaki na hiyo Amina maisha yangu yote. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa haraka, kwa Kipsigis, nikiangalia viatu vyake. Kazi, P, B, vidole, kichipukizi, wateja wa ng'ambo.

 Akautoa mkono wake.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nasema Amina kwa viatu za wazungu."

"Na mablanketi," nikasema, sijui kwa nini.

"Na yule mama wa omena pia."

"Na yeye."

Alishuka kitandani. Nikajua sasa anaenda nyumbani, nikasimama nimzuie, nikitafuta maneno ya kumsihi. Alikwenda dirishani tu. Alisimama pale akitazama mvua, mkono umeshika shingo, ule uvimbe wote ukijaa kwenye kiganja chake. Nilitaka kulia na nilitaka kumkemea, vyote kwa pamoja.

"Sasa wewe hukuniombea hata siku moja?"

"Nilijaribu. Ilichanganyika."

"Basi omba sasa," akasema, bado akiangalia nje. "Na usiniombee na Kiingereza. Kesho nataka kuenda nikijua nimeombewa nini."

Nikaomba. Nilisimama nyuma yake nikaomba kwa Kipsigis, vibaya, nikirudia maneno, kama mtoto anayeomba chakula kibarikiwe. Nilimwambia Mungu kwamba ninaogopa. Nilimwambia kwamba ninamtaka mama na pumzi yake, na kama inawezekana sauti pia, ila nikilazimika kuchagua nimeshachagua, na mama anisamehe. Sikushika shingo. B na P ziliingiliana zilivyotaka. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa uso, na mama hakusema Amina mara moja. Alivua viatu kwanza.

Aliamka salama. Njia ya hewa ikafunguka, na usiku wa kwanza nyumbani nilikesha kwa sababu palikuwa kimya na sikuzoea. Lakini sauti haikurudi naye. Ilitoka pumzi tu, mnong'ono wa mtu anayeficha jambo. Daktari alisema mshipa umeguswa, unaweza kuamka baada ya muda, unaweza usiamke, na muuguzi akamwonyesha mazoezi madogo ya kufanya jeraha likipona. Mama hakuyafanya. Jumapili alikaa kiti cha nyuma, mtu mwenye haraka akaanza wimbo juu sana, na mama akaangalia sakafu.

Kazi nilipata. Walinipigia nikiwa kwenye foleni ya dawa. Sasa zamu yangu ni ya usiku, wakati wenzetu wa ng'ambo wako macho, na hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili nimesema nini. Ninafurahi, nisidanganye. Ila mara nyingine katikati ya simu ninajisikia, laini vile, nyororo, na ninakumbuka nani analala chumba cha pili na mnong'ono wake, na ninataka kuinuka nitembee. Nilijaribu kumfundisha mama. Nilimletea kichipukizi mpaka kitandani. Akakichukua, akakitia mdomoni, akakitafuna.

Kisha asubuhi moja nilimaliza zamu kukiwa kunapambazuka na sikumkuta jikoni. Kikapu chake kilikuwa pale pale ukutani. Nilitoka nikapanda kilima bila aproni, sketi ikilowa umande. Alikuwa juu, karibu na mikaratusi, akitembea kati ya mistari haraka haraka, vidole viwili vimewekwa chini ya kovu. Alikuwa anavuma. Mmm, halafu inakatika. Mmm, inakatika. Anapiga mguu chini na kuanza upya. Nikasimama pale nilipo. Ikaja tena, ikakwaruza, ikashika, ikadumu kiasi cha mwanzo wa wimbo, chini kabisa, pale anapopenda kuanzia.

Nikavua kofia. "Amina," nikasema.

Aligeuka, amekunja uso kama mtu aliyekatizwa.

"Siombi," akasema, kwa sauti mbovu, nzito, iliyosikika mpaka nilipokuwa nimesimama. "Nafanya mazoezi."

Nikasema Amina tena.